Mbu Hawajaalikwa

Kuandika sentensi za mfano ni kazi ambayo ukimwambia mtu unaifanya, atakuuliza kazi yako ya kweli ni ipi. Mzee wetu huyu aliulizwa hivyo na kinyozi, akaulizwa na daktari wa meno, akaulizwa hata na mjomba wake aliyekuwa kitandani hoi, na wote aliwajibu jibu moja: "Ndiyo hiyo hiyo." Kwa miaka kumi na tisa alipanda ngazi za jengo moja la ghorofa, chini duka la rangi, juu ofisi ya wachapishaji wa vitabu, akaketi kwenye meza yenye mguu mmoja uliowekewa kabari ya karatasi, akatengeneza kitabu cha maneno kwa ajili ya wageni wanaojifunza Kiswahili. Kushoto neno, katikati maana yake kwa Kiingereza, kulia sentensi ya kila siku inayoonyesha neno hilo linavyotumika. Majirani walimwita Mzee Kadi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila kadi kwenye mfuko wa shati.

Maana ya Kiingereza haikumsumbua. Alifungua kamusi kubwa, akapima, akaandika, dakika moja imekwisha. Sentensi ndiyo iliyomnyima raha. Kitabu alichokikuta pale ofisini kilikuwa kimejaa sentensi za mtu aliyemtangulia: "Simba ni mnyama mkali." "Kalamu iko juu ya meza." "Mjomba wangu ana punda watatu." Siku yake ya kwanza kazini alizisoma zote, kisha akaenda kusimama mbele ya mhariri, mama mmoja mpole mwenye kupenda utaratibu.

"Samahani mama, haya nani anayasema?"

"Ni mifano tu, mzee."

"Sawa, lakini nani anamwambia nani? Mtu amekutana na simba, ndiyo aanze kueleza kwamba ni mnyama mkali?"

Mhariri alicheka, na hapo ndipo alipokosea, maana mzee alidhani amepewa ruhusa. Tangu siku hiyo alijiwekea sheria: hakuna sentensi itakayoingia kitabuni kama hajaisikia kwa masikio yake mawili, ikisemwa na mtu mwenye haja ya kuisema. Kadi alizikata mwenyewe kwenye mabaki ya karatasi za kiwanda cha uchapaji. Mbele aliandika neno, maana na sentensi, na nyuma tarehe na herufi moja ya kumkumbusha nani alisema. Kuna maneno yaliyopata sentensi siku hiyo hiyo. Mengine yalikaa ndani ya boksi la viatu miezi na miezi. "Hata hivyo" lilikaa miezi saba, mpaka fundi bomba akiwa amechutama chini ya sinki la ofisi akasema, "Bomba bovu, koki mbovu, hata hivyo maji yatatoka." Mzee alifurahi mpaka akamnunulia soda. Fundi bomba aliinywa, lakini tangu siku hiyo akawa anamtazama kwa wasiwasi.

Sasa wewe niambie, mtu anayeokota maneno ya watu namna hii, ataokota wapi zaidi kuliko nyumbani kwake?

Mke wake ni fundi cherehani, na hapa tutamwita Fundi tu, maana ndivyo anavyoitwa na kila anayebisha hodi. Chumba cha mbele ndicho karakana yake: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia, marundo ya sare za shule zinazosubiri mikono na vifungo, visahani vya pini zenye vichwa vya rangi mbalimbali, na futi inayoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi anapokwenda kuoga. Fundi hufanya kazi kwa mikono na kwa miguu, na kwa kuwa hapendi kiungo kikae bure, mdomo nao anaupa kazi. Anaongea na wateja, anaongea na uzi, anaongea na mumewe hata akiwa bafuni. Wala hasemi maneno ya hivi hivi. Wengine wakisema "funga mlango" inatosha. Yeye atasema, "Funga mlango, mbu hawajaalikwa." Mumewe akilalamika kuwa mchuzi umepoa ladha, atajibiwa, "Chumvi haijapungua, ulimi wako ndio umezeeka." Akirudi bila kitu alichotumwa: "Mkate umeusahau, njia ya nyumbani hukuisahau." Mzee huitikia "Mmh," huinuka taratibu kama mtu aliyebanwa na haja, na akifika koridoni hutoa kadi.

Nyuma ya kadi hizo aliandika herufi F. Siku moja alizihesabu. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Akaogopa, akafunika boksi.

Aliogopa kwa sababu. Mwaka mmoja kabla hajaanza kazi hii walialikwa harusini, na mzee, shibe ikiwa imemlegeza ulimi, akawasimulia wenzake wa mezani jinsi Fundi alivyosinzia kwenye cherehani akashonea mkono wa gauni lake mwenyewe kwenye suruali ya mteja, na asubuhi mteja akaja kuchukua suruali, Fundi akanyanyuka nayo. Meza nzima ilivunjika mbavu. Fundi alikuwa meza ya pili, ameyasikia yote. Kwa siku tisa hakumsemesha mumewe neno. Aliloona lazima kusema alilipitisha kwa paka. "Paka, mwambie huyo chai iko mezani." "Paka, muulize kama anakula nyumbani leo." Paka mwenyewe alichoka, akahamia kwa jirani. Siku ya kumi Fundi alimgeukia mumewe, akasema, "Ya kwangu ni ya kwangu. Ukitaka kuchekesha watu, chekesha kwa ya kwako." Mzee aliapa kwamba hatasema tena la mkewe mbele za watu.

Na kweli hakusema. Aliandika. Kwa hesabu zake aliona hayo ni mambo mawili tofauti. Wasomaji ni wageni walioko mbali, hawamjui Fundi kwa sura wala kwa jina, na jina lenyewe halipo. Fundi naye hakuwahi kukifungua kitabu. Alipoletewa nakala ya kwanza alikigeuza, akavuta uzi wa mgongo kwa kucha, akasema, "Kimeshonwa vizuri." Alipoulizwa kama hatakisoma alishangaa. "Maneno ninayoyajua tangu nanyonya, nikiyasoma nitafute nini?" Mzee akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akakiweka juu ya kabati.

Alichosahau ni kwamba mgeni ana miguu, na anaweza kuja.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, kijana wa kiume, ambaye miaka sita iliyopita alikwenda nchi ya mbali kutengeneza lifti, na huko akaoa. Mkewe ni fundi wa miwani, mwenyeji wa huko huko, na harusi yao wazee waliitazama kwenye simu, Fundi akiwa ameishika mkononi na mzee akiwa ameachiwa kusikiliza tu. Kila walipopiga simu, binti yule alipunga mkono, akatabasamu, akampa mumewe simu. Sasa, baada ya mwaka na nusu wa ndoa yao, ujumbe ulikuja: wanakuja wote wawili, wiki tatu.

Fundi alishona mapazia mapya. Alishona foronya, akashona na kitambaa cha kufunika televisheni ambacho hakuna aliyekiomba. Halafu jioni moja, akiwa anapinda sketi ya shule, machozi yakaanza kumtoka juu ya kitambaa.

"Kuna nini, Mama?" mzee akauliza.

"Nitaongea naye nini? Niambie. Nina mkwe mmoja tu chini ya jua. Atakaa hapa wiki tatu tunaonyeshana meno kama watu wa kwenye tangazo la dawa ya mswaki, halafu ataondoka. Na siku wakipata mtoto, bibi yake nitakuwa picha ya ukutani. Mimi bila kuongea ni nani, Mzee? Si utakuwa umeniweka tu kama kabati?"

"Kijana anasema anajifunza kidogo kidogo."

"Anajifunzia wapi?"

Ndiyo kwanza ilimjia mzee. Mwaka jana kijana aliomba nakala ya kitabu, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake hii, alikifunga karatasi ngumu, akaandika anwani, akakipeleka posta huku anapiga mbinja.

Wiki ile yote mzee alikuwa katikati. Binti akija hajui kitu, Fundi atavunjika moyo, na mzee alimpenda mkewe, hilo tuliseme wazi. Akija amejua, basi amejifunzia wapi? Na paka hata hawakuwa naye tena, sijui ujumbe ungepitia wapi. Usiku wa kuamkia siku ya wageni aliomba dua ya ajabu kidogo: kwamba binti awe amesoma, lakini aishie kwenye ukurasa wa salamu.

Wageni walifika mchana. Binti alikuwa mrefu, mwenye miwani ya duara na mkoba aliokuwa ameukumbatia kwa mikono miwili kama atanyang'anywa. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaja hadi mbele ya Fundi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba!"

Mzee akashusha pumzi. Ukurasa wa salamu. Kijana alikuwa bado anaingiza mabegi, mlango uko wazi. Binti akageuka, akautazama, akakunja uso kama mtu anayepiga hesabu, kisha akasema, kila neno likiwa limepigwa pasi:

"Funga mlango, mbu hawajaalikwa."

Fundi akapasuka. Alicheka mpaka akaishika meza, akacheka mpaka futi ikamdondoka shingoni. "Huyu wangu!" akapiga kelele. "Jamani, huyu wangu kabisa! Kumbe mwanangu umemfundisha maneno ya nyumbani!" Akamkumbatia binti na mkoba wake. Kijana alitaka kusema kitu, lakini baba yake alimkanyaga mguu, akamwomba amsaidie begi zito ambalo halikuwa zito.

Kwenye chakula mzee alionja, akanyoosha mkono kwa mazoea.

"Hebu nipeni chumvi."

Binti alimtazama mkwe wake kwa heshima zote. "Chumvi haijapungua, Baba," akasema taratibu. "Ulimi wako ndio umezeeka."

Kijana alipaliwa na maji. Fundi akapiga makofi, akamwongezea binti chakula, akasema Mungu hamwachi mja wake. Mzee alikula bila chumvi. Alijiambia kwamba bado yuko salama, kwa kuwa haya mawili kijana aliyasikia tangu utotoni na angeweza kweli kumfundisha mkewe. Kesho yake mteja alipobisha hodi akiulizia sare, na binti akatoka kumjibu, "Nguo haijaiva, rudi kesho kutwa," hilo nalo lilipita.

Siku ya tatu kijana alitoka kwenda kuwaona rafiki zake wa zamani. Mzee alikuwa kibarazani chini ya dirisha la karakana na gazeti ambalo alikuwa hajaligeuza kwa nusu saa. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda. Alimsikia binti akivuta kiti, akakaa karibu na Fundi, na baada ya muda akasema, kwa sauti ya chini:

"Kama ni kubaki wawili, basi tubaki."

Cherehani ikanyamaza.

Maneno yale kijana hakuwahi kuyasikia, wala mteja, wala jirani. Yalisemwa mara moja tu, miaka sita nyuma, siku waliyomsindikiza mtoto wao. Walirudi nyumbani, wakaingia chumbani. Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua kiatu kimoja, cha pili akakisahau mguuni, akakaa hivyo muda mrefu, kisha ndiyo akayasema, bila kumtazama mtu. Siku ile mzee alipofika koridoni aliona aibu. Aliandika hata hivyo. Neno, baki. Kwa Kiingereza, remain. Sentensi, ile.

"Mwanangu," sauti ya Fundi ilitoka dirishani, "hayo umeyatoa wapi?"

"Kwenye kitabu, Mama. Ukurasa wa kumi na nne. Mimi nayapenda kuliko yote. Nikiwa nimekumbuka kwetu, nayasoma."

"Kitabu gani?"

"Cha Baba."

Fundi alisukuma kiti nyuma.

"Hebu nenda kakilete," Fundi akasema.

Siku za mwizi ni arobaini, na za mzee zilikuwa zimepita elfu kadhaa, kwa hiyo hakuwa na cha kulalamika. Alisimama, akakaa, akasimama tena, akaenda dukani akanunua kiberiti wakati nyumbani vipo vinne. Aliporudi mlango wa karakana ulikuwa umefungwa, jambo ambalo halijawahi kutokea mchana. Na ulibaki umefungwa siku ile na kesho yake. Wateja waliambiwa kupitia dirishani warudi. Mzee alipita pale koridoni mara nyingi kuliko haja. Alisikia sauti ya binti ikisoma, alisikia vicheko, alisikia Fundi akisema "Soma tena hapo." Kuna wakati alisikia mtu analia, hakujua ni nani.

Kibaya zaidi, Fundi alimsemesha. Vizuri tu. "Karibu chakula." "Maji ya kuoga yako tayari." Kwa adabu, kama anavyosemeshwa mkaguzi. Mzee alitamani yule paka arudi.

"Baba," kijana akamuuliza kwa kunong'ona, "umefanya nini?"

"Kazi," mzee akajibu. "Nimefanya kazi yangu tu."

Asubuhi ya siku iliyofuata, kama saa nne, aliitwa. Alipiga moyo konde akaingia. Fundi alikuwa amekaa upande mmoja wa meza ya kukatia na binti upande wa pili. Katikati kililala kitabu, kimevimba, kimejaa pini kila ukurasa, vichwa vyake vya rangi vimechomoza pembeni kama miiba ya nungunungu.

"Kaa," Fundi akasema.

Akakaa.

"Nyekundu ni zangu. Tumezihesabu."

"Mia tatu na kumi na mbili," mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Kumbe unajua. Bluu ni za mwanao. Njano za majirani na wateja, nimewatambua wote, hata yule anayedai mimi nilimpunguzia kitambaa. Kijani ni watu wa huko kazini kwako, siwajui, lakini huyu wa bomba ana akili."

"Mama, naomba unisamehe. Niliapa, najua niliapa..."

"Nyamaza nimalize. Siku ya kwanza nilikasirika mpaka nikawa namtafuta paka." Hakucheka. Alikuwa amekiwekea kitabu mkono juu, kati ya pini na pini. "Kisha huyu mtoto akawa ananisomea. 'Sogea, unanizibia mwanga.' Nikasema hiyo ni ya siku ile mvua ilipovuja. 'Usinipe pole, nipe mkasi.' Hiyo ni siku nilipojikata. Tukaendelea. Mzee, mimi miaka yote hii nilijua naongea na ukuta. Naongea, unasema mmh. Naongea, unainuka unatoka. Nikajiambia, basi, ndivyo alivyo, mwache, si mlevi, hapigi mtu, nashukuru. Lakini kuna siku nilikuwa naongea huku roho inaniuma, kwa sababu mtu kuongea peke yake nyumbani kwake ni upweke mbaya." Binti akamsogezea kipande cha kitambaa, Fundi akapenga kamasi. "Kumbe ulikuwa unatoka kwenda kuandika. Kumbe hata moja halijaanguka chini."

Macho ya mzee yalikuwa yamejaa machozi, na furaha ilimpanda ghafla hadi akajishika goti.

"Usifurahi," Fundi akasema. "Sijamaliza."

Akavuta droo, akatoa kiboksi kidogo, akakiweka mbele ya mumewe. Kilikuwa bado kimefungwa kwa karatasi ya dukani. "Hizi ni pini nyeupe. Tulipoanza kazi tulisema nyeupe zitakuwa za kwako. Tumetafuta kutoka A hadi Z. Boksi halijafunguliwa."

Mzee alikitazama kiboksi. Lilikuwa ni jambo ambalo hakuwahi kulifikiri katika miaka kumi na tisa.

"Baba," binti akasema, akichagua maneno, "mimi nimejifunza kuongea kama Mama. Na mume wangu namsikia. Na majirani. Wewe peke yako sijakusikia."

"Kazi yangu ni kusikiliza, mwanangu. Mtu akijisikiliza mwenyewe..."

"Hilo la kusikiliza tumeshakupa," Fundi akamkata. "Limejaa pini. Sasa sema la kwako. Ulilolikalia miaka yote. Hata moja."

Binti alinyoosha mkono juu ya meza, akachomoa kadi tupu kwenye mfuko wa shati la mkwe wake, na kalamu ya risasi iliyokuwa pamoja nayo, akangoja. Mzee aliona jinsi inavyokuwa kukaa upande ule wa kadi. Alijikuna shingo. Alitazama dirisha, akatazama dari. Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia, na hakuna aliyegeuka.

"Nikitoka kazini," akaanza, akameza mate. "Nikitoka kazini, nikifika pale kwenye kona, huwa nasimama kwanza nisikilize cherehani. Nikiisikia ndiyo natembea. Siku nisipoisikia, nakuja mbio."

Fundi hakusema kitu. Ilikuwa ajabu, Fundi kutosema kitu. Binti aliandika huku midomo yake inafuata kila neno, akaweka nukta, akaisoma tena kimya.

"Mama," akauliza, "hii inakaa chini ya neno gani?"

Fundi alichana karatasi ya kiboksi, akatoa pini moja nyeupe. Akaichukua kadi kutoka mkononi mwa mkwe wake, hakuitia kitabuni. Aliiingiza ndani ya gauni, upande wa kifua, akaibana pale na pini ile.

"Hii haichapwi," akasema.